Aliyehesabu Maua ya Uwandani

3 Januari

Wifi,

Nimepata kadi yako ya kunitakia mwaka mwema. Ina mistari sita tu, lakini imenichosha macho, kwa sababu umeiandika yote kwa herufi kubwa kama kibao cha kukataza watu kupita. Nimefundisha miaka thelathini na nne, ishirini kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na sijawahi kuona mtu mzima akimfokea mwenzake kwa kalamu namna hiyo. Ila najua shule uliishia wapi, kwa hiyo sikulaumu sana.

Naandika kukuarifu kwamba nakuja. Tarehe kumi Februari nitakuwa geti la chini, na siku mbili baadaye, Mungu akipenda, nitakuwa huko uwandani kwenu. Najua utashangaa. Marehemu mdogo wangu aliishi huko juu miaka thelathini na sikuwahi kupanda hata mara moja. Sikuona kwa nini mwanamume mwenye akili aache mji wenye barabara na hospitali akaishi mita elfu tatu na mia nane juu ya bahari, kwenye nyasi, kazi yake kuhesabu maua. Nilipowaeleza walimu wenzangu walicheka, nami nikacheka nao.

Zilizonibadilisha ni barua zake za miaka sita ya mwisho. Zamani alikuwa haniandikii kitu. "Dada, sijambo, tuma soksi na betri," basi. Kisha, sijui ni hewa ya huko au ni utu uzima, akafunguka. Kurasa nne, kurasa tano. Jinsi umande unavyoganda kwenye nyasi alfajiri na nyasi zinavyolia mtu akikanyaga. Jinsi ukungu unavyopanda bondeni saa nne na kuufunika uwanda wote, halafu unaondoka bila kuaga. Hata mwandiko wake ulinyooka, ule mwandiko niliopigana nao tangu akiwa na miaka mitano, mkono wangu juu ya mkono wake. Nilimpongeza kwa barua maalumu. Nilimwambia kila mtu kwamba mdogo wangu amekuwa mwandishi uzeeni.

Na wewe umo humo. Sikiliza hii ya mwaka juzi: "Mke wangu husoma kipimajoto kama mtu anayetafuta kunguni kwenye godoro. Atakigeuza, atakipuliza, mwisho ataniambia leo kuna baridi." Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Sasa nasikia Ofisi ya Hifadhi itaamua mwezi wa nne nani ashike kazi ya marehemu, na kwamba wewe umeomba. Wifi, tusidanganyane. Ile ni kazi ya mtu aliyesoma. Nimeshazungumza na Mkuu wa Hifadhi, ambaye nilimfundisha darasa la sita, na amekubali daftari za mdogo wangu ziwekwe kwenye kabati la kioo pale getini, na jina lake juu. Nitakuja kuzichukua mwenyewe. Zifungashe vizuri, zisinuke mafuta ya taa.

Wifi yako,
Mwalimu


18 Januari

Wifi Mwalimu,

Shikamoo. Utanivumilia na herufi kubwa, ndizo mkono wangu umezizoea siku hizi kwa kuwaandikia wageni vibao.

Karibu. Kibanda kina vitanda sita na utapata kimoja. Maelezo ni yale yale tunayowapa wote. Panda polepole, hata kama unajiona una nguvu, hasa kama unajiona una nguvu. Lala kambi ya katikati usiku mmoja. Kunywa maji kabla ya kiu. Viatu viwe vya kamba na viwe vimekwisha kuvaliwa. Mwaka jana bwana mmoja alikuja na vipya vinavyong'aa, akashuka kwa machela. Usije na mwavuli.

Ukifika uwandani utatembea juu ya njia ya mbao, hutashuka. Udongo wa huku ni mwembamba na baridi, unyayo mmoja unakaa miaka minne. Pembeni ya njia kuna miraba kumi na miwili, kila mmoja mita moja kwa mita moja, yenye vigingi vya chuma kwenye pembe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kila Februari maua ya ndani ya kila mraba yanahesabiwa, moja moja, na kuandikwa. Utakuja wakati huo huo, kwa hiyo sitakaa na wewe sana.

Daftari zipo na hazinuki. Za zamani nitakupa. Za miaka sita ya mwisho naomba zibaki, nazitumia kulinganisha.

Kuhusu ombi langu: nyumba ninayoishi ni ya kazi. Asiye na kazi hana nyumba. Nikikosa, mwezi wa tano nitashuka na sanduku langu, na sina pa kushukia. Nakwambia ili baadaye usiseme hukujua.

Wifi yako,
Mke wa marehemu


21 Februari

Wifi,

Nimefika nyumbani salama, ingawa hukuuliza.

Basi nimeuona huo uwanda. Nilikuja kutafuta alichokiona mdogo wangu, nikakuta nyasi za rangi ya gunia, madimbwi, mawe, na upepo ulioniharibia mwavuli kabla sijaufungua sawasawa. Maua yenyewe ni madogo kuliko vifungo vya shati. Wale wageni wenzangu, mke na mume wenye fimbo mbili mbili, walilala kifudifudi kuyapiga picha na kuguna kana kwamba wamefunuliwa siri. Nilisimama nikangoja na mimi niguswe moyo. Kilichoguswa ni kichwa, kikaniuma siku mbili mfululizo.

Nikawaza, labda aliyeyafanya yawe mazuri ni yeye tu. Labda alikuwa na jicho ambalo sisi wengine hatuna.

Nikashuka kwenye mbao zenu hatua moja. Moja. Nilitaka kuchuma ua niliweke kwenye picha yake mezani. Wewe uko mita thelathini, umepiga magoti juu ya gunia, midomo inakwenda kama mtu anayetafuna. Ukainua kichwa na kusema mbele za wageni, "Wifi, toa mguu. Umesimama kwenye mraba wa saba." Ukaja, ukanichukulia ua mkononi, ukafungua daftari na kuandika kwa herufi zako kubwa: limeng'olewa, moja. Halafu ukaongeza, nimeona kwa macho yangu: nyayo, mtu mzima. Umeniandika mimi, dada wa mwenye kazi, kwenye daftari ya mdogo wangu, kama uharibifu.

Na huko kutambaa kwenu. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kutambaa. Kwenye barua zake anatembea, anatazama, anafikiri. Wewe unachokifanya pale ni kufagia kwa vidole. Nilikuomba daftari za miaka sita ya mwisho, zile za wakati akili yake imepevuka, ukafunga sanduku kwa kufuli mbele yangu.

Sasa nitafanya ninachoona ni haki kwa marehemu. Usiseme sikukwambia.

Mwalimu


4 Machi

Wifi Mwalimu,

Shikamoo. Pole na kichwa.

Mraba wa saba mwaka jana ulikuwa na maua mia mbili na kumi. Mwaka huu ni mia mbili na tatu, ukiondoa lako na yaliyokuwa chini ya kiatu. Sikukuandika kwa ubaya. Kila kinachotokea ndani ya mraba kinaandikwa, na mwaka juzi niliandika kinyesi cha swala.

Umelalamikia kutambaa. Ua lenye urefu wa kidole gumba halihesabiwi kwa kusimama. Anayesimama anakisia, na waliokuja kukisia tumewapata wengi, wengine na vyeti.

Ulikaa uwandani siku moja na nusu, ukasema "ndiyo haya tu?" mara kumi na moja. Sikukusudia kuhesabu, ni mazoea.

Fanya unachoona ni haki.

Mke wa marehemu


9 Machi

Kwa Mkuu wa Hifadhi

Kijana wangu,

Sitakuzungusha. Umeombwa kumpa kazi ya marehemu mdogo wangu mjane wake. Mimi ni mtu wa familia na ningependa kunyamaza, lakini ni mwalimu kabla ya kuwa wifi, na sijawahi kumpandisha mwanafunzi darasa kwa kumwonea huruma.

Naambatanisha nakala za barua sita za marehemu. Soma mwenyewe nilipopigia mstari. Ya kwanza, kuhusu kipimajoto. Ya tatu: "Nikimwachia mke wangu hesabu ya siku moja, maua yatageuka kunde." Ya tano, pale anaposema mkewe alidhani chombo cha kupimia mvua ni birika la wageni, akawachemshia chai. Maneno haya ni ya mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo na kumpenda, kwa hiyo huwezi kusema ni ya chuki.

Mtafute mtu mwenye cheti. Na zile daftari sita alizozifungia sandukuni ni mali ya Hifadhi na kumbukumbu ya mdogo wangu. Agiza zitolewe ziwekwe kabatini pamoja na nyingine.

Wako,
Mwalimu


30 Machi

Wifi,

Najua ulipoiona bahasha ulikaa chini. Pole. Huu si mwandiko wa aliyefufuka. Ni wangu, na ulikuwa wangu tangu ulipoanza kuupongeza.

Juzi niliitwa ofisini. Mkuu alinikalisha, akanipa nakala za barua sita na kuniuliza kwa upole kama nina la kusema. Nikazisoma zote, nilikuwa sijaziona tangu nizitie kwenye bahasha. Ile ya birika hata leo ni nzuri. Nikamwambia sina la kusema, nikarudi kupanda. Anaamua tarehe ishirini na tano mwezi ujao.

Sasa nakwambia wewe. Mdogo wako alipata presha ya macho miaka saba iliyopita. Mwaka wa kwanza alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Baada ya hapo hakuona. Daktari wa mji wa chini alimwambia imeshachelewa. Ofisi ingejua wangemstaafisha wiki ile ile, na yeye alisema akitolewa uwandani atakufa. Kwa hiyo hatukusema. Njia ya mbao aliijua kwa miguu. Wakubwa wakija, alisimama mlangoni akiwapigia hadithi, mimi nimetangulia na daftari. Nikahesabu miraba kumi na miwili miaka sita, nikaandika taarifa za kila mwezi, yeye akaweka sahihi pale nilipomwekea kidole. Hakuwahi kuja kwako miaka hiyo kwa sababu wewe ungegundua kabla hajakaa kwenye kiti. Ulidhani ni mimi niliyemzuia, nikakubali udhani hivyo.

Barua zilikuja hivi. Mwanzoni alinisomea cha kuandika: "Dada, sijambo, tuma soksi." Nikaandika. Ukajibu mistari miwili, kama kawaida yako kwake. Lakini mtu asiyeona, wifi, siku yake ni ndefu. Alikuwa ananiomba nimsomee ile mistari miwili tena na tena. Nikamwambia tuongeze kidogo, naye akasema ongeza mwenyewe, mimi sijui maneno. Nikaandika umande na ukungu. Ukajibu ukurasa mmoja. Nikatia sentensi ya kujisifu, kwamba mke wako anapika vizuri siku hizi. Ukajibu nusu ukurasa, na ubaridi ndani yake. Mara ya tatu nikajisema vibaya, ile ya kuunguza uji mbele ya mkaguzi. Ukajibu kurasa tatu. Zimejaa vituko vya utoto wenu, jinsi alivyojificha kwenye pipa, jinsi mama yenu alivyokuwa akiwaita. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimsomea mara tisa.

Basi nikajua bei yake. Kila nilipotaka umwandikie kwa urefu nilijitukana kwa urefu. Kipimajoto, kunde, birika, yote nilitunga mimi nikiwa nimekaa karibu na jiko, yeye anasikiliza. Siku moja nilisita, nikamuuliza hii si imezidi. Akasema, "Mpe hiyo. Dada akicheka ataandika." Mistari yake mwenyewe ni ule wa mwanzo na ule wa mwisho katika kila barua. "Dada, sijambo," na "Usisahau betri." Zilizobaki ni zangu.

Alipokufa nikaanza kukuandikia kwa herufi kubwa. Nilijua ukiuona mwandiko huu utajua, na sikutaka umpoteze mara mbili.

Umemwambia Mkuu kwamba sijui kuhesabu, na ushahidi wako nimeuandika mimi. Nikisema ukweli napata kazi na nyumba, na mume wangu ataitwa mwongo, jina lake litolewe kabatini hata kabla halijakaa. Nimefikiri njia nzima ya kupanda na sitasema. Daftari nimezifungulia, aje mtu azichukue. Sina hasira na wewe. Nakudharau kidogo, hilo siwezi kukuficha: mtu aliyefundisha miaka thelathini na nne kusoma, na hakuwahi kujiuliza kwa nini mdogo wake asiyejua maneno aliamka siku moja akiwa nayo.

Niliyekuandikia


17 Aprili

Kwa Mkuu wa Hifadhi

Kijana wangu,

Futa barua yangu ya tarehe tisa Machi. Ilikuwa na makosa, na makosa ni yangu.

Mdogo wangu hakuwa anaona miaka sita ya mwisho ya kazi yake. Alificha, na aliwadanganya. Aliyehesabu miraba yote, aliyeandika kila taarifa uliyoisifu kwenye mazishi yake, na hata zile barua sita nilizokutumia, ni mjane wake. Linganisha mwandiko wa daftari za miaka hiyo na barua yake ya tarehe thelathini Machi, ambayo naambatanisha ukurasa wake wa kwanza na wa pili. Kurasa zilizobaki hazikuhusu.

Yeye hajui kwamba nakuandikia, na angeulizwa asingeniruhusu. Usimwadhibu kwa kumtunza mume. Jina la mdogo wangu liwekwe kwenye daftari za miaka ishirini na nne, ambazo kweli ni zake. Zile sita weka jina la aliyehesabu. Kama kabati halitoshi majina mawili, vunja kabati.

Ulikuwa mzito wa kuelewa darasani, ila ukishaelewa ulikuwa husahau. Nategemea hilo.

Mwalimu


17 Aprili

Wifi,

Nimemwandikia Mkuu. Nimemwambia yote. Utakasirika, na unayo haki, kwani uliamua kumlinda na mimi nimemfichua. Lakini mtu hatolewi nyumbani kwake kwa ajili ya kabati. Kazi ni yako, labda yule kijana awe mjinga kuliko ninavyomkumbuka.

Nimekaa na barua yako siku kumi kabla ya kufanya hivyo, na siku hizo sikuwa nakufikiria wewe, nilikuwa najihurumia. Nilizitoa barua zote hamsini na tatu sandukuni. Nikachukua kalamu nyekundu, ndiyo silaha pekee ninayoijua, nikapiga mstari chini ya maneno yake. "Dada, sijambo." "Usisahau betri." Hamsini na tatu mara mbili. Nikazitazama. Ndiye yeye kabisa, tangu mtoto, hajabadilika hata chembe, na miaka yote aliyoniandikia hivyo nilijibu mistari miwili kwa sababu niliona hanistahili.

Halafu nikasoma zilizobaki, nikijua sasa ni nani. Nilitaka nizichukie. Nilidhani nikijua ni mikono yako zitageuka, kama chakula ambacho umeambiwa kimepikwa na nani. Hazikugeuka. Ule ukungu bado unaondoka bila kuaga. Na ulivyojitukana, wifi, umejitukana vizuri kuliko mimi nilivyowahi kukutukana, na mimi nilikuwa najitahidi.

Usifikiri nimekupenda. Tangu siku ya harusi niliona umekaa kimya kama mtu anayejua kitu, na sikukipenda kimya kile. Sikipendi hata sasa. Umesema unanidharau kidogo. Ungeweza kusema zaidi, nafasi ilikuwepo kwenye karatasi.

Lakini sijui nifanye nini na jambo hili. Nilikuwa na mdogo wangu wa mistari miwili, nikamwonea aibu kwa walimu. Halafu akaja mwingine wa kurasa tano, nikampenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kuwa naye duniani, nikajivunia, nikamlilia. Wa kwanza nimemzika. Wa pili yuko hai, na mwezi uliopita nilimwombea kwa barua afukuzwe nyumbani kwake.

Jibu barua hii. Jisifu ukitaka. Nitajibu kwa urefu ule ule.

Wifi yako